MUZIKI KWENYE VIDEO ZETU: UNAPAMBA AU UNAFUNIKA?



Shukrani zote ni za Allaah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, akina baba, akina mama, na nyinyi vijana wetu ambao simu haziwatoki mikononi, leo nina ugomvi na nyinyi. Ni ugomvi wa mapenzi, lakini ni ugomvi. Unahusu tabia iliyotuingia ya kuchukua video yoyote ile, iwe ya harusi, ya darsa, ya mazishi, ya mtoto aliyehitimu juzuu yake ya kwanza au ya mama anayeonyesha namna ya kupika pilau, na kuitandikia wimbo juu yake kabla ya kuituma. Mtu anaona video isiyo na muziki haijakamilika, kama chai isiyo na sukari. Zamani kidogo ilikuwa TikTok na Instagram tu. Tangu mwaka 2025 hata status ya WhatsApp ina kitufe chake cha kuchagua wimbo.

Hukumu ya muziki wenyewe sitaiingia hapa. Wanazuoni wetu wameizungumza kwa miaka na miaka, na mwenye kutaka dalili anajua mlango wa kubisha hodi. Mimi nataka kuzungumza na yule kijana anayeniambia, "Mzee, kwangu mimi muziki hauna shida." Sawa, mwanangu. Tuliweke hilo kando. Bado video yako imeharibika, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na sikio. Mwaka 1953 mtaalamu mmoja Mwingereza, Colin Cherry, alichunguza jambo ambalo kila mmoja wetu analijua kwa uzoefu: vipi mtu aliyekaa kwenye karamu, watu wote wakiongea kwa pamoja, anaweza kumfuata mmoja tu na kuwaacha wengine? Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba Allaah ametupa masikio mawili. Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia mapema kidogo na kwa nguvu zaidi, ya kushoto vivyo hivyo, na ubongo huitumia tofauti hiyo ndogo kuzitenganisha. Ndiyo maana unaweza kumsikia khatibu siku ya Ijumaa hata kama nje barabarani pikipiki zinapita. Sasa njoo kwenye simu. Wimbo na maneno ya msemaji vinatoka kwenye tundu moja, upande mmoja, kwa wakati mmoja. Ile njia ambayo sikio hutumia kutenganisha sauti imezibwa. Unabaki kukisia.

Kuna jingine ambalo watu hawalifikirii kabisa. Mwaka 1911 daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila hata kujijua. Nenda kwenye mashine ya kusaga unga uone: hakuna anayenong'ona pale. Lakini muziki wa video huja BAADA. Bibi aliongea barazani kwake pakiwa kimya, kwa sauti yake ya chini, akameza maneno mawili matatu kama kawaida ya wazee. Siku ya pili mjukuu akamwekea ngoma juu yake. Bibi hana habari! Hakuijua kelele hiyo wakati anaongea, hivyo hakupandisha sauti, na sasa hawezi kuipandisha tena. Ni sawa na kumwalika mtu azungumze chumbani, kisha ukayachukua maneno yake ukayaweka kando ya spika za harusi.

Na spika ya simu nayo ina ubaya wake. Ni ndogo mno, sauti nzito haiwezi. Ule mdundo mzito wa wimbo ambao fundi wa studio alihangaika nao, kwenye simu unapotea. Kinachobaki ni sehemu ya kati ya wimbo, na hiyo hasa ndiyo sehemu ambamo sauti ya binadamu inakaa. Kwa hiyo muziki unapoteza uzuri wake na bado unaifunika sauti ya mtu. Hasara pande zote mbili.

Kwa lugha yetu ya Kiswahili jambo hili lina hatari ya peke yake. Chukua maneno haya: pika, fika, shika, zika. Kazi nne zisizofanana hata kidogo, na kinachozitenganisha ni mlio mmoja mwembamba wa mwanzo, unaopita haraka kuliko kupepesa jicho. Irabu zetu zina nguvu, zitasikika. Ile milio myembamba ndiyo inayozama kwanza. Kisha angalia kukanusha kwetu. "Atasafiri" na "hatasafiri". "Atapewa dawa" na "hatapewa dawa". Ndiyo na hapana zimetenganishwa na pumzi tu, ile "h", ambayo ni katika milio dhaifu kuliko yote, na wengi wetu wa huku bara tunaitamka kwa unyonge tayari. Weka gitaa juu yake, umempa mtazamaji maana iliyo kinyume, na wala hajui kwamba amekosea.

Utasema natia chumvi. Basi tuizungumze hiyo hiyo chumvi. Kipindupindu kilipotangazwa hapa Burundi Januari 2023, simu za akina mama zilikuwa moja ya njia ambazo maelekezo yalifika nazo majumbani. Maji ya kumnywesha mgonjwa anayeharisha, pale pasipokuwa na pakiti za dawa, yana kipimo chake: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi ikizidi, mtoto anadhurika. Mama anayasikia maelekezo hayo mara moja, jikoni, mtoto analia mgongoni, na nyuma ya sauti ya muuguzi kuna kinanda kinachopiga mapigo ya furaha. Nani alimwambia mtengenezaji kwamba muuguzi yule anahitaji bendi?

Sasa kwa nini vijana wenyewe hawalioni tatizo? Si kwamba ni wajinga, la hasha. Ni kwa sababu anayeitengeneza video ameshaisikia mara ishirini. Anajua kila neno kabla halijasemwa, kwa hiyo kwake maneno yako wazi hata chini ya ngoma. Tena anavaa visikilizio vizuri masikioni. Yeye ndiye mtu wa mwisho anayefaa kuhukumu. Mpe mama mkwe wako simu, sokoni, bila visikilizio, kisha mwulize: amesema nini? Hapo utapata jibu la kweli.

Na mama mkwe huyo ndiye niliyemkusudia. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, karibu mtu mmoja katika kila watano. Umri ukienda, milio ya kwanza kupotea ni ile myembamba, hiyo hiyo niliyoitaja. Mwenye kifaa cha kusikilizia naye hasalimiki, maana muziki na maneno vikishachanganywa kifaa huvipandisha vyote viwili. Watoto wadogo pia wanahitaji utulivu zaidi kuliko sisi ili wayakamate maneno, kwani bado hawana hazina ya lugha ya kujazia mapengo. Na wajukuu wetu walioko Brussels, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili au ya tatu? Kila anayesikiliza lugha asiyoimiliki vizuri huumizwa na kelele kuliko mwenyeji wake. Tunalalamika kwamba watoto wa ughaibuni hawajui Kiswahili, halafu tunawatumia sauti ya nyanya yao iliyozamishwa chini ya wimbo.

Wanaoandika kanuni za intaneti, shirika la W3C, walilifikia jambo hili tangu mwaka 2008. Katika kanuni zao za kuwasaidia wenye ulemavu, ile ya daraja la juu inasema sauti ya nyuma iwe chini ya maneno kwa desibeli 20 angalau, au isiwepo. Kwa sikio la kawaida hiyo ni kama mara nne chini. Ukiishusha hivyo, kwenye spika ya simu muziki wenyewe hutausikia sana. Basi si bora uuache tu?

Nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Kuna familia ninayoijua hapa Buyenzi. Binti yao alipoolewa, baba mzazi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, hivyo babu, baba wa baba, ndiye aliyekuwa walii wake. Mzee yule hakuwa mtu wa picha wala wa simu. Siku ya akdi alishika mkono wa bwana harusi, akaozesha kwa sauti yake mwenyewe, na mpiga video alikuwepo. Video ilirudi baada ya wiki mbili, imepambwa kwelikweli, maua yanamwagika pembeni ya picha, na wimbo wa mapenzi umeanza pale gari linapofika na haukunyamaza mpaka mwisho. Harusini hakuna aliyelalamika. Walicheka, wakatumiana Nyamirambo, Kigoma na Muscat.

Mzee alifariki baada ya miaka miwili. Ndipo familia ilipoitafuta sauti yake. Wakaikuta video ile. Midomo inacheza, ndevu zinatikisika, mkono umeshika mkono, na anayesikika ni mwimbaji mmoja asiyemjua mzee wala mjukuu wake. Wakamwendea mpiga video awape ile ya asili. Alishaifuta ili apate nafasi kwenye kompyuta. Siku hizi zipo programu za kutenganisha maneno na muziki, wakajaribu. Sauti iliyotoka ni kama ya mtu aliye chini ya maji, herufi nyingine zimeliwa pamoja na ngoma. Mama wa binti aliisikiliza mara moja akasema inatosha.

Hebu tafakari. Ijabu na kabuli ndiyo ndoa yenyewe. Maua, gari na keki vyote vinaizunguka ile sentensi moja ya walii na ile moja ya mume. Na hiyo hasa ndiyo iliyofunikwa! Kama ungetaka kuweka muziki mahali pa kudhuru kuliko pote, usingepata pengine.

Qur-aan nayo haikusalimika. Nimetumiwa mara nyingi, na watu wema kabisa, vipande vya kisomo ambavyo chini yake kuna kinanda laini. Anayetuma anadhani ameongeza khushuu. Ndugu yangu, msomaji anahesabu madda, hapa harakati mbili, hapa nne, hapa sita. Ana mahali pa kusimama, na kule kusimama ni sehemu ya kisomo, kunakupa nafasi ya kuzingatia. Muziki una hesabu yake nyingine, hausimami anaposimama, unalijaza lile pengo. Ni hesabu mbili zinazogombana sikioni mwako. Suurat Al-A'raaf, aya ya 204, inatuamrisha Qur-aan inaposomwa tusikilize na tunyamaze. Sisi tumenyamaza, kisha tumeajiri kinanda kiongee kwa niaba yetu.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: mbona filamu kubwa na vipindi vya televisheni vina muziki na ni vizuri? Vina muziki, ndiyo, na vina mafundi ambao kazi yao ni kuushusha kila mtu anapofungua mdomo, na kuupandisha anapoufunga. Wewe una kidole kimoja na dakika tano. Tena hata wao hukosea. Mwaka 2011 BBC ya Uingereza, katika kipindi cha sayansi cha Wonders of the Universe, ilipata malalamiko ya watazamaji kwamba muziki unamfunika mtangazaji, ikabidi wapunguze. Na wapo mabingwa wa filamu, watu ambao muziki si mwiko kwao, walioamua kuuacha kwa ajili ya kazi yenyewe. Filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1963, The Birds, haina muziki wa kawaida wa filamu, na hofu yake inatokana na sauti za ndege na ukimya. Mwaka 1995 waongozaji wa Denmark, Lars von Trier na Thomas Vinterberg, waliandika masharti ya utengenezaji wa filamu, na moja lilikuwa kwamba muziki usitumike isipokuwa ule uliokuwa ukipigwa pale pale filamu inapopigwa. Walitaka watu waone kilichopo. Sisi tunaogopa nini?

Jibu la pili ni la kibiashara: bila wimbo unaovuma video haitazamwi. Inawezekana. Lakini imetazamwa nini? Mtu amesimama sekunde nane kwa sababu ya kiitikio anachokipenda, akapita. Ukimwuliza sheikh alisema nini, hajui. Na kwa upande wa pili kuna watu katika jamaa yako, nao si wachache, wanaochunga masikio yao na muziki. Wao wakisikia ngoma huzima sauti papo hapo. Umewapoteza na maneno pia.

Tena wimbo si wako. YouTube ina mfumo unaoitwa Content ID tangu mwaka 2007, ambao hulinganisha sauti ya kila video inayopandishwa na hazina ya nyimbo zilizosajiliwa. Mwenye wimbo anaweza kuifungia video yako, au kuiachia na kuchukua fedha za matangazo. Yaani darsa la saa nzima la sheikh wenu linaweza kumwingizia fedha mwenye wimbo wa sekunde thelathini mliouweka mwanzoni. Na msifikiri TikTok ni salama kwa sababu nyimbo wanazitoa wao. Februari 2024 TikTok na kampuni ya Universal Music Group walishindwana kuhusu mkataba, nyimbo zikaondolewa, na video nyingi zilizojengwa juu ya nyimbo hizo zikawa bubu mpaka walipoelewana mwezi Mei. Video yenye sauti yake ya asili haikuguswa na ugomvi huo.

Na kuna hili la mazishi, nalisema kwa haraka kwa sababu linaniudhi. Kaburi linafukiwa, watu wanasema aamin, na mtu ameweka zumari la huzuni. Kwa nini? Sisi hatujui kwamba mazishi yanahuzunisha? Muziki pale unamwamuru mtazamaji alie, na mtengenezaji amejiondolea kazi ya kuonyesha chochote. Mpishi mzembe humwaga viungo kwenye nyama iliyolala. Nyingi ya video zenye ngoma kubwa ukizivua ngoma unakuta picha inayotikisika, maneno yasiyopangwa na sauti iliyorekodiwa kutoka mwisho wa ukumbi.

Basi tiba iko hapo kwenye kurekodi. Sogea. Simu iliyo umbali wa mkono mmoja kutoka mdomoni inarekodi maneno kuliko iliyo mlangoni, hata iwe ya bei gani. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji kina mwangwi, tandika mkeka, funga pazia, kaa karibu na kabati la nguo. Zima feni. Ukiwa na simu ya pili, iweke mapajani mwa msemaji irekodi sauti tu. Jogoo akiwika, mwache awike, mvua ikigonga bati, iache. Wanaokumbuka kaseti za mawaidha wanajua: zilikuwa na mkwaruzo, sheikh alikohoa, mtoto alilia, na neno halikupotea hata moja. Ukisikia leo adhana ya mbali katikati ya kaseti unajua ilikuwa alasiri.

Wengine watasema, basi tutaweka kaswida badala ya wimbo. Kaswida ina heshima yake, isikilizwe yenyewe. Ukiiweka chini ya mtu anayeongea inafunika vile vile, tena vibaya zaidi, kwa sababu nayo ina maneno, na maneno hugombana na maneno kuliko ngoma inavyogombana nayo.

Kwa nyinyi mtakaooza watoto mwaka huu, mkikubaliana bei na mpiga video mwambieni mambo mawili kabla hajapokea malipo ya mwanzo. Kuanzia khutba ya ndoa mpaka dua, hakuna kitu juu ya sauti. Na faili la asili, kama lilivyotoka kwenye kamera, linakabidhiwa kwenu kwenye kifaa chenu. Akisema ni zito sana, mnunulieni kadi ya kumbukumbu, bei yake haifiki hata ile ya maua ya meza kuu. Na usiku wa leo, kama mzee wako yuko hai, kaa naye, funga mlango, mwulize jina la babu yake na walikotoka, na urekodi. Usiongeze kitu.

Wabillaahi tawfiiq.